Wimbo Ukirudiwa, wa Kwanza Uende Wapi?

Riwaya ikigeuzwa filamu, ugomvi hauwi mkubwa. Msomaji atanung'unika kwamba mwigizaji hafanani na yule aliyemjenga kichwani, kisha atarudi kwenye kitabu chake, maana kitabu bado kipo. Kazi ni pale kitu kinaporudiwa kwa umbo lilelile: wimbo ukawa wimbo, filamu ikawa filamu. Hapo mpya na ya zamani zinagombea masikio yaleyale, dakika zilezile nne za redio, hata jina lilelile mtu analoandika akitafuta kwenye simu.

Kanda ya Ziwa tunao mfano wetu. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera alitoka na Maria Salome, wimbo wa Kihaya ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa Salome, iliyojengwa juu ya wimbo huo, na ikatazamwa YouTube mara makumi ya mamilioni. Miaka imepita, ubishi haujaisha. Nimewakalisha watu watano wabishane kwenye mabenchi ya kibanda cha kuingizia nyimbo pale Buzuruga, Mwanza, ambako siku hizi, tangu mabasi ya mikoani yahamie Nyamhongolo, kuna nafasi ya kuongea. Watu wenyewe ni wa kubuni. Hoja si za kubuni. Panda daladala ya Igoma utazisikia zote kabla ya kushuka.

KIJANA WA NYIMBO: Mimi naanza na yanayotokea hapa mezani. Mteja anakuja na flashi ya bajaji, anasema, "Niwekee Salome." Nikimuuliza ipi, ananishangaa. Kwenye kompyuta hii ninazo mbili. Moja imeandikwa "Salome Diamond ft Rayvanny." Nyingine ilikuja ndani ya folda la mtu, imeandikwa "Salome ya zamani mama mmoja." Kabla ya 2016 hiyo ya pili ilikuwa haiulizwi kabisa. Ilipotoka mpya, wakaanza kuja vijana wadogo wanataka kusikia ile ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia Diamond ameua wimbo wa watu, mimi naona ameufufua.

MAMA WA NDIZI: Umefufuliwa ukiitwa "mama mmoja"?

KIJANA WA NYIMBO: Mama, jina hilo niliikuta nalo. Na si kosa la Diamond.

MAMA WA NDIZI: Sijasema kosa la nani, mwanangu, nimeuliza. Mimi ni wa Kagera. Saida alipotoka na ule wimbo, hatukuamini kwamba Kihaya kinaweza kupigwa Dar es Salaam, kwenye harusi ya Wachaga, kwenye harusi ya Wasukuma, watu wanaitikia wala hawajui neno moja. Kilichowashika ni ile sauti. Haikuwa na haraka. Ilikuwa inakokota juu, na chini yake ngoma ya kwetu inakwenda kwa mwendo wake, hakuna anayemsukuma mwenzake. Sasa sikiliza hii ya pili. Ngoma imetoka kwenye kompyuta, mwendo umekazwa, maneno mengi ni ya Kiswahili, mapenzi ya mjini. Ni wimbo mzuri wa kuchezea, mimi mwenyewe nimeucheza kwenye sendofu ya binti wa jirani. Lakini nilichokipenda mwaka ule hakimo.

MZEE WA GITAA: Hapo mimi namtetea huyo Diamond, na sikujua kama itafika siku hiyo. Angeuimba vilevile, kwa kuigiza sauti ya Saida, ngoma ileile, ningemwita mwizi. Kwa kuwa ameugeuza, ameonyesha na yeye amekuja na kitu. Sisi wakati wa bendi, Jumamosi ukumbini, tulipiga kila cha watu: Franco, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab. Tulifuata noti kwa noti, na aliyeweza kulitoa gitaa kama lilivyo kwenye sahani ndiye aliyeitwa fundi. Lakini hakuna aliyethubutu kwenda Redio Tanzania kurekodi yale na kuyaita yake. Ukumbini unarudia cha mwenzio. Studio unapeleka chako.

MWALIMU: Mpaka mzuri huo, mzee wangu, ila hakuna aliyeushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, Mmarekani, akaweka maneno ya Kiswahili juu yake. Leo ukihesabu waanzilishi wa rap ya Kiswahili huwezi kumruka. Bi Kidude alijulikana dunia nzima kwa nyimbo alizozipokea kwa Siti binti Saad, na Muhogo wa Jang'ombe vijana wengi wanaamini ni wa Kidude mwenyewe. Them Mushrooms wa Mombasa walitoa Jambo Bwana mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaurudia huko Ulaya. Malaika ndiyo usiseme: Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M haohao, Angélique Kidjo. Tungefunga mlango wa studio kama unavyotaka, nusu ya tunachokiita muziki wetu kisingekuwepo.

MZEE WA GITAA: Na Malaika umeupitisha mbio kana kwamba hauna kesi. Waliodai kuutunga ni zaidi ya mmoja. Fadhili William amefariki mwaka 2001 na watu bado wanauliza ni wa nani. Wimbo ukishapita kwenye midomo ya wakubwa, mtunzi anazidi kuwa mdogo. Mwisho anakuwa "mama mmoja."

Hapa nimkatize mzee kidogo, maana mashabiki wengi wakifika kwenye hatua hii hukimbilia sheria, na sheria yenyewe ni nyepesi kuliko ubishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayetaka kuigeuza katika muda huo aombe ruhusa kwa mwenye haki, na akikwama COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Ila sheria inajibu nani aombwe na nani alipwe. Haijibu kama wimbo ulistahili kurudiwa, na hilo ndilo lililotuleta Buzuruga. Mtu anaweza kulipa kila senti na bado akatoa kitu kisicho na sababu ya kuwepo.

DEREVA: Naomba niwatoe kwenye muziki. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, nazungumza filamu. Don ya Amitabh Bachchan ni ya 1978. Ya Shah Rukh Khan ni ya 2006. Hadithi moja, majina yaleyale. Mimi nilitangulia kuiona mpya nikaipenda, basi. Mjomba wangu aliyeiona ya zamani ndiye aliyetoka kibandani anashika kichwa. Alikaa mle saa tatu akijidai anatuhadithia kinachofuata, "Sasa hivi utaona, sasa hivi utaona," halafu mwisho ukageuka. Wamembadilishia yeye! Aliyeijua ya kwanza ndiye aliyepigwa chenga. Siwaambii mwisho wenyewe, huenda yupo ambaye hajaiona.

MWALIMU: Sasa hapo umesema jambo. Ile ya pili ilimhesabu mtu aliyeijua ya kwanza, ikamwekea mtego wake. Linganisha na Mmarekani Gus Van Sant, mwaka 1998, alipoirudia Psycho ya Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha. Akabadilisha waigizaji, akatia rangi, yaliyobaki akayafuata kama yalivyo. Watu wakatoka sinema wanaulizana ametaka kutuambia nini. Na Hitchcock huyohuyo aliwahi kurudia filamu yake mwenyewe, The Man Who Knew Too Much, ya 1934 na tena 1956, hakuna aliyemshangaa, kwa sababu ya pili alikwenda kuijenga vingine.

KIJANA WA NYIMBO: Kwa hiyo tunakubaliana. Ukibadilisha, ruksa.

MAMA WA NDIZI: Mimi sijakubaliana na mtu. Mjomba wa huyu aliijua ya kwanza, ndiyo maana mtego ukamnasa. Wateja wako wangapi waliijua Salome ya Saida? Unamtega nani? Halafu nikuulize. Saida alirudi mwaka 2017 na wimbo wake mpya, Orugambo. Unao humo?

KIJANA WA NYIMBO: Ninao.

MAMA WA NDIZI: Unaulizwa?

KIJANA WA NYIMBO: Mara chache, mama.

MAMA WA NDIZI: Basi kilichofufuka ni wimbo. Mwenye wimbo amefunguliwa dirisha, watu wakachungulia, wakaomba kilekile cha zamani.

KIJANA WA NYIMBO: Lakini mama, bila hilo dirisha Orugambo ungesikika wapi? Hata wewe ungeujua?

Hakujibu. Na mimi ninayeandika nakiri swali la kijana ni gumu kuliko tunavyopenda. Ni rahisi kumhurumia msanii wa zamani ukiwa umekaa, huku wewe mwenyewe huna hata wimbo wake mmoja kwenye simu. Miaka kumi na tano kati ya 2001 na 2016, wengi wetu tunaolia leo hatukuwa tukimpigia Saida simu redioni. Mzee akauokoa mjadala usiishie kwenye aibu.

MZEE WA GITAA: Niwaambie desturi ya huku kwetu Usukumani. Nendeni Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo, muwaone wachezaji wa Bagika na Bagalu wanashindana. Ngoma ni ileile waliyocheza mababu, pande ni zilezile mbili. Lakini ningi, yule mtunzi anayeongoza ngoma, akisimama mbele ya watu, haji na wimbo wa mwaka jana. Anakuja na neno la mwaka huu: mvua, pamba, mbunge, mke aliyemkimbia jirani. Umbo tunarithi, wimbo tunatunga. Ndiyo maana nasema huyu Diamond, pamoja na kumtetea, angetumia mwendo wa Kihaya akatunga cha kwake kabisa, ningemvulia kofia.

DEREVA: Mzee, asingeuza.

MZEE WA GITAA: Ningi naye anauza. Akiboa, watu wanahamia upande wa pili wa uwanja.

MWALIMU: Naona wote mnazungumzia kazi zilizofanikiwa. Mimi ni wa Ukerewe, niwapeleke kwetu. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Nani angechapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja watafiti wawili, mume na mke, Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamhimiza aiweke kwa Kiswahili. Mzee yule, aliyekuwa ameshavuka miaka sabini, akakaa chini akakiandika kitabu chake upya, kurasa kwa kurasa, kwa lugha nyingine. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 akafariki. Halafu mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, akatoa tafsiri ya Kiingereza, naye hakupitia Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe. Riwaya ikawa riwaya, ikawa tena riwaya. Hapo nani kaibiwa?

MAMA WA NDIZI: Mwalimu, huyo alirudia cha kwake.

KIJANA WA NYIMBO: Na tafsiri si kurudia.

MWALIMU: Ukiandika upya mamia ya kurasa kwa mkono wako uzeeni, halafu mtu akuambie hujarudia kitu, utamtupia kalamu. Lakini nakubali, alirudia cha kwake. Nilichotaka mkione ni sababu. Hakurudia kwa kuwa cha kwanza kilipendwa. Alirudia kwa kuwa cha kwanza hakikupata njia ya kutoka nyumbani.

MZEE WA GITAA: Hapo umenigusa. Unajua tulivyorekodi sisi? Mnaingia studio ya redio bendi nzima, mnapiga kwa pamoja, fundi mitambo anasema imetosha, kwisha. Mpiga besi amekosea? Amekosea milele. Mwimbaji ana mafua siku hiyo? Atakuwa na mafua kila Jumapili mchana redioni mpaka kiama. Wenye bahati walikwenda Nairobi kutoa sahani, wakapata nafasi ya pili. Remmy Ongala ndiye aliyefika mbali, akaenda kurekodi Uingereza kwa Real World, na kwenye Songs for the Poor Man akaweka Kifo na Muziki Asili Yake Wapi, nyimbo ambazo hapa tulishazicheza kitambo. Gitaa unalisikia moja moja. Wapo wanaosema kule zimesafishwa mno, jasho la ukumbi halimo. Mimi nazipenda zote mbili. Ila ninachosema, ziko nyimbo nzuri mno za bendi ambazo zimekufa kwa sababu ya kurekodiwa siku mbaya. Hizo ndizo za kurudia! Hizo hamzigusi.

DEREVA: Na filamu zetu za kwanza. Ile Girlfriend ya mwaka 2003 ya George Tyson, watu walijaa kuiona. Baada yake zikaja nyingi, zimepigwa haraka, kamera moja, upepo unaingia kwenye maiki, mtu analia msibani nyuma yake pikipiki inapita. Lakini baadhi hadithi ilikuwa tamu, nakwambia. Leo mtu akiichukua hadithi ile, akaipiga vizuri, nani atalalamika?

KIJANA WA NYIMBO: Atalalamika atakayetoa pesa. Kaka, nani atalipia kurudia kitu kilichoshindwa? Prodyuza anatafuta kiitikio ambacho watu wanacho tayari kichwani. Ndiyo faida yote ya kurudia. Hata Marekani, Taylor Swift, kuanzia mwaka 2021 alirekodi upya albamu zake nzima kwa sababu rekodi za kwanza ziliuzwa kwa watu wengine, akataka matoleo anayoyamiliki mwenyewe. Angefanya hivyo kwa albamu ambazo hazikupendwa?

MAMA WA NDIZI: Huyo naye alirudia cha kwake, ili kiwe chake. Huyo namuelewa kuliko wote mliowataja leo.

Kijana ameutaja ukweli ambao mwalimu na mzee wameuzunguka: pesa hufuata kilichopendwa, kwa hiyo kinachorudiwa karibu siku zote ni kile ambacho hakikuhitaji msaada. Maria Salome haukuwa umeharibika. Ulikuwa umesahaulika, na kilichosahaulika kinahitaji kupigwa tena redioni. Kuimbwa tena na mwingine ni jambo tofauti. Hapa ndipo nasimama mimi. Sipingi kurudia. Kitereza ameniondolea upinzani huo, na Don pia. Ila anayerudia kwa umbo lilelile ana deni kubwa kuliko anayegeuza kitabu kuwa filamu, kwa sababu anaingia mahali pa mwenzake penyewe. Pesa ni sehemu ndogo ya deni hilo. Sehemu kubwa ni kuhakikisha wa kwanza haondoki. Unapotoa Salome yako, uweze kuonyesha mahali ambapo ya Saida inapatikana, ikiwa na jina lake, sauti safi, mwaka wake. Ukishindwa hilo, hata kama uligeuza kila noti, umemtoa mtu.

MWALIMU: Hilo ni jukumu la msanii au la nchi?

MZEE WA GITAA: La huyu kijana hapa, kwanza.

Kijana akacheka, akavuta kibodi ambayo herufi zake nusu zimefutika, akaliandika upya jina la lile faili: "Saida Karoli, Maria Salome, 2001." Akauliza kama Karoli inaishia kwa "li" au "ri". Mama akamjibu kabla hajamaliza swali.

DEREVA: Na ile nyingine utaiandikaje?

KIJANA WA NYIMBO: Ile ina majina ya wenyewe tayari, kaka. Wenye pesa huwa hawasahauliwi majina.

MAMA WA NDIZI: Weka na Orugambo karibu yake.

Ombi langu ni kwa watangazaji, na hasa wa redio za hapa Mwanza zinazosikika mpaka ng'ambo ya ziwa. Mkipiga Salome ya 2016, mtajeni Saida Karoli kabla haijaanza, na kipindi kinachofuata mpige ya kwake nzima, bila kuikata katikati kwa ajili ya tangazo. Fanyeni hivyo kwa kila wimbo uliorudiwa. Haigharimu chochote zaidi ya dakika chache.